Daftari la Muislamu na Hesabu ya Siku Zake

Ingia katika duka lo lote la mtaani, tangu Lamu mpaka Lindi, nawe utaona chini ya meza au nyuma ya bweta la fedha daftari lililochakaa kwa kufunuliwa. Ndani yake yameandikwa majina: fulani kilo mbili za unga, fulani sabuni na mafuta, mama fulani atalipa mwisho wa mwezi. Mwenye duka huenda hakusoma elimu ya biashara, lakini ajua kwamba asipoandika atasahau, na akisahau duka litafungwa. Kila usiku kabla ya kuzima taa hulifunua daftari lake akajua nini kimeingia na nini kimetoka. Twamwona mtu huyo kuwa ni mwenye akili, na lau angefanya biashara bila ya kuandika tungemcheka.

Basi na tujiulize, ndugu msomaji. Mtu huyo huyo awekaye hesabu ya nusu kilo ya sukari, je, ajua ni siku ngapi za Ramadhani iliyopita anazodaiwa? Ajua mali yake ilitimiza mwaka wa zaka tarehe gani? Na lau mauti yangemfikia usiku huu, watoto wake wangejua ni nani anaowadai na ni nani wanaomdai?

Nayauliza haya kwa sababu yalitukuta nyumbani kwetu. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa msikitini. Hakukosa safu ya kwanza ya Alfajiri ila kwa ugonjwa au safari. Siku chache baada ya kumzika alikuja mzee mmoja, akasema kwa haya nyingi kwamba alimwekesha marehemu fedha za amana. Hakuwa na shahidi wala karatasi. Akaja wa pili, fundi seremala, akidai salio la milango miwili. Sisi watoto tulitazamana. Hatukuweza kusema kwamba watu wale ni waongo, kwani tuliwajua kuwa ni watu wema. Wala hatukuweza kuthibitisha kwamba wasema kweli, maana baba hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Mwisho tuliwalipa kutoka katika mali aliyoiacha, na baadhi ya warithi hawakuridhika. Maneno yaliyosemwa siku ile baina ya ndugu wa tumbo moja hayajasahaulika hata leo.

Lakini lililonichoma moyo kuliko fedha ni swali la mama. Aliuliza kwa sauti ndogo, akiwa ndani ya eda yake, kama kuna ajuaye ni siku ngapi baba alikula katika Ramadhani mbili za mwisho alipokuwa akiugua na kupona, na kama alizilipa. Hapana aliyejua. Tulitoa vibaba vya mchele kwa kukisia, tukamwomba Mwenyezi Mungu apokee.

Ndipo nilipoanza kutafuta namna ya kuweka daftari langu mwenyewe, na katika kurasa hizi nataka kuwaeleza wasomaji, hasa vijana, nilivyoliweka, na makosa niliyoyafanya.

KUANDIKA SI JAMBO GENI KATIKA DINI

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya maofisini, kwamba ibada ni ya moyo wala haihitaji kalamu. Maneno hayo hayana nguvu. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, haisemi juu ya sala wala saumu. Yasema juu ya kuandika deni, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Na katika hadithi aliyoipokea Abdullahi bin Umar (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia hapasiwi kulala nyusiku mbili ila wasia wake umekwisha andikwa na uko kwake. Bin Umar mwenyewe alieleza kwamba tangu alipoyasikia hayo haukumpitia usiku mmoja bila ya kuwa na wasia wake. Tazama, basi, jinsi sahaba yule mkubwa alivyokuwa na maandishi yake karibu na kitanda. Nasi ni wangapi tulio nayo?

Tena katika Suratul Hashri, aya ya 18, Mwenyezi Mungu aiamrisha kila nafsi itazame ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho. Mtu atatazamaje asichokikumbuka? Na sote twaitakidi kwamba ziko kalamu mbili zisizolala, na kitabu kitakachofunuliwa mbele ya kila mtu akaambiwa akisome mwenyewe. Daftari letu hili la karatasi haliwezi kushindana na kile. Kazi yake ni moja tu: tusije tukashangaa siku ile kana kwamba twasoma habari za mtu mwingine.

Sayyidna Umar (r.a.) aliwausia watu wazihesabu nafsi zao kabla ya kuhesabiwa. Kutokana na wasia wa namna hii ilizaliwa elimu nzima, ambayo wanazuoni waliiita muhasaba. Alikuwako Baghdad bwana mmoja aliyezaliwa Basra, jina lake Harith bin Asad, aliyefariki mwaka 243 wa Hijra, sawa na mwaka 857 wa Miladi. Kwa wingi wa kuihesabu nafsi yake watu walimpa lakabu ya Al-Muhasibi, na hivyo ndivyo ajulikanavyo mpaka leo.

Ama aliyeipanga elimu hii mlango kwa mlango ni Imam Ghazali, katika maimamu wa madhehebu ya Shafi, aliyezaliwa Tus mwaka 450 wa Hijra (1058) na kufariki huko huko mwaka 505 (1111). Katika kitabu chake Ihya Ulumid-Din, chenye vitabu arubaini ndani yake, kimoja ni cha muhasaba. Humo aifananisha nafsi na mshirika katika biashara. Asubuhi wapatana naye masharti. Mchana wamchunga asije akaiharibu mali. Jioni wakaa naye chini mfanye hesabu, na ukiona hasara humwachi aende hivi hivi. Rasilimali ya biashara hiyo ni umri, na mtu hapewi rasilimali ya pili.

Katika kitabu hicho cha muhasaba imetajwa habari ya mtu mmoja wa mji wa Raqqa, Tauba bin Simma, aliyekaa siku moja akauhesabu umri wake, akaona ni miaka sitini. Akazihesabu siku zake, akaona ni elfu ishirini na moja na mia tano. Akapiga ukelele: ikiwa kila siku alitenda dhambi moja tu, atamkabili Mola wake na dhambi 21,500, itakuwaje basi, na kila siku ina dhambi nyingi? Akaanguka, na kumbe amekwisha fariki. Mimi sikuisimulia habari hii ili watu wazimie. Niliisimulia kwa sababu ya ile hesabu. Mtu aweza kusema maisha yake yote, «Mungu anisamehe madhambi yangu,» asitetemeke hata unywele; lakini siku atakayoitia hesabu katika tarakimu, ndipo aelewapo asemalo.

Na liko jambo jingine katika Ihya ambalo wengi hawalijui, na mimi nilipolisoma nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Katika kitabu cha kutafakari, Imam Ghazali asema kwamba yafaa kila mwenye kutaka njia ya Akhera awe na jarida lake, yaani waraka wa kuandikia, aandike humo tabia zenye kuangamiza na tabia zenye kuokoa, na ajipime kwazo kila siku. Zamtosha, asema, tabia kumi za upande huu na kumi za upande ule. Za kuangamiza ni kama ubakhili, kiburi, kujiona, riya, husuda, ukali wa hasira, uroho wa chakula, na kupenda mali na cheo. Za kuokoa ni kama kujuta, kusubiri, kuridhia kadari, kushukuru, ikhlasi, na tabia njema kwa watu. Na kila anaposalimika na moja ya zile mbaya, aipige mstari katika jarida lake, amshukuru Mwenyezi Mungu, ahamie kwa inayofuata. Maneno hayo yamepita miaka zaidi ya mia tisa. Wauzao leo madaftari ya mipango kwa bei kubwa, yenye jalada la ngozi na utepe, hudhani kwamba wao ndio waliolivumbua.

SIKU YETU YAANZA MAGHARIBI

Sasa tuje kwenye daftari lenyewe. Usinunue la gharama. Daftari la shule la kurasa tisini na sita latosha, na kalamu moja iliyofungwa kwa uzi ili watoto wasiichukue. Wako wanaoona bora kutumia simu, na siwakatazi. Simu yaweza kukukumbusha wakati wa sala, na yaweza kukugeuzia tarehe. Lakini mimi nimeona kwamba mkono ule ule unaoifungua simu ili uandike, «nimesoma kurasa nne,» hukawia humo nusu saa katika habari za watu. Daftari halina habari za watu.

Shajara zinazouzwa madukani huianza siku usiku wa manane. Hilo si letu. Mswahili hahitaji kufundishwa kwamba siku huanza jua linapokuchwa. Lugha yake yenyewe yasema hivyo. Tukisema «usiku wa Ijumaa» twakusudia ule unaofuata mchana wa Alhamisi, na saa yetu ya kwanza ya usiku huhesabiwa tangu jua lilipozama. Basi nami hufungua ukurasa mpya baada ya Magharibi. Baina ya Magharibi na Isha huku kwetu pana kama saa moja na kidogo, na katika miji ya pwani yetu wakati huo haubadiliki sana mwaka mzima. Ndio wakati mzuri wa kukaa na daftari, mchana uliopita ukiwa bado wakumbukwa na usiku ujao ukiwa bado wapangika. Aliyechoka kwa kazi aufanye baada ya Isha, ila asiulete kitandani, kwani kitandani ataandika mstari mmoja na kusinzia juu yake.

Tarehe andika mbili, ya Hijra na ya Miladi. Babu zetu wa pwani walikuwa na miezi waliyoihesabu kwa funga: baada ya Ramadhani yaja Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, ndipo ije Rajabu, na Shaabani, na Ramadhani tena. Angalia uzuri wa hesabu hiyo. Mwaka wote wapimwa kwa saumu; mtu akitaja mwezi ametaja amekaa muda gani tangu alipofuturu Ramadhani. Vijana wetu wengi hawaijui tena, na nawasihi waandike miezi hii katika madaftari yao ili wasiipoteze: tarehe 9 ya Mfunguo Tatu ni Arafa, tarehe 10 ya Mfunguo Nne ni Ashura, Mfunguo Sita ni mwezi wa maulidi, na kila mwezi tarehe 13, 14 na 15 ni siku nyeupe za kufunga kwa atakaye, isipokuwa tarehe 13 ya Mfunguo Tatu, ambayo ni katika siku za tashriki na haifungwi.

Kurasa za mwanzo kabisa ziweke za madeni, na hizi ndizo zisizo na mjadala. Ukurasa mmoja andika unaowadai na wanaokudai, pamoja na tarehe na jina la shahidi. Amana za watu ziandike mbali na mali yako. Ukurasa wa pili uwe wa saumu: siku ulizokula, kwa sababu gani, na ulizokwisha lipa. Mama na dada zetu wana haja kubwa ya ukurasa huu kuliko sisi, kwani siku zao zapatikana kila mwaka, na mzazi au mnyonyeshaji huenda akadaiwa mwezi mzima. Bibi Aisha (r.a.) alieleza kwamba huwa ana siku za Ramadhani anazodaiwa na asiweze kuzilipa ila katika Shaabani. Twajifunza kwamba alizijua idadi yake, na kwamba hakuziacha zikavuka Ramadhani nyingine. Katika madhehebu ya Shafi, mwenye kuzichelewesha bila ya udhuru mpaka ikaingia Ramadhani ya pili hulazimiwa kuzilipa pamoja na kibaba cha chakula kwa kila siku. Asiyeandika atajuaje?

Ukurasa wa tatu ni wa zaka, na hapa watu hukosea bila ya kujua. Zaka ya fedha huwajibika mali ifikapo nisabu, ambayo wanazuoni wengi wa zama hizi waikadiria kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikapitiwa na mwaka mzima wa mwezi mwandamo. Mwaka huo una siku 354 au 355. Wa jua una 365. Mfanyakazi mwenye akiba ya shilingi 10,000,000 akitoa zaka yake ya 250,000 kila tarehe mosi Januari, hujiona amekamilisha. Lakini kila mwaka amechelewa siku kumi na moja hivi, na katika miaka 33 ya Januari imepita miaka 34 ya Hijra. Zaka ya mwaka mmoja mzima imebaki shingoni mwake, nayo ni haki ya maskini. Dawa yake ni mstari mmoja tu katika daftari: «Mali yangu ilitimiza nisabu tarehe fulani, mwezi fulani, mwaka fulani wa Hijra.»

Ukurasa wa nne ni wa wasia. Huo sitaurefusha. Uandike kwa wino, uweke mashahidi wawili, na umwambie mkeo au mwanao mkubwa mahali ulipo.

UKURASA WA KILA SIKU

Nilipokuwa kijana, baada ya mambo ya baba, nilipiga mistari katika daftari langu kwa rula, nikatengeneza safu ishirini na saba. Sala tano na sunna zake, Dhuha, Tahajudi, nyiradi za asubuhi na jioni, juzuu moja, sadaka, kumsalia Mtume mara elfu, kutosengenya, kutokasirika, na mengine ambayo sasa sikumbuki. Siku tatu za kwanza nilitia alama zote. Siku ya saba zilibaki kumi na nne. Siku ya kumi na mbili nililifunga daftari nikaliweka juu ya kabati, na haukupita mwezi nikawa na juzuu haba kuliko zamani, kwani hata kile kidogo nilichokuwa nikifanya bila ya daftari nilikiona hakina maana.

Kosa langu lilikuwa ni ujinga wa hadithi iliyo mashuhuri: Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa ni chache. Na Salman (r.a.) alimwendea nduguye Abu Dardai, akamkuta amejitupa katika ibada hata mkewe amesahauliwa, akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani wana haki. Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Kwa hiyo mwenye kuanza na aanze na safu tano au sita, wala asizidishe mpaka mwezi mzima umepita.

Safu ya kwanza ni sala tano. Usiandike «nimeswali», maana hilo kwa Muislamu si habari. Andika kama uliswali mwanzo wa wakati, au kwa jamaa, au uliikimbiza jua likiwa lataka kuzama. Baada ya wiki mbili daftari litakuonyesha jambo ambalo hukulijua juu ya nafsi yako. Mimi lilinionyesha kwamba Alasiri yangu ya Jumatano ilikuwa ikichelewa kila wiki. Nikatafuta sababu, nikaona ni mkutano wa kazini ambao ungeweza kuanza nusu saa mapema. Niliomba ubadilishwe, ukabadilishwa bila ya mtu kunung'unika. Kwa miaka nilikuwa nikijilaumu kuwa ni mvivu wa Alasiri, na kumbe dawa ilikuwa kufungua mdomo.

Safu ya pili ni Qurani. Msahafu wa chapa ya Madina, ulioenea sana katika nyumba zetu, una kurasa 604. Mwenye kusoma kurasa nne baada ya kila sala ya faradhi amesoma ishirini kwa siku, nazo ni takriban juzuu nzima, na kwa mwezi amehitimu. Asiyeweza asome ukurasa mmoja baada ya kila sala, atahitimu katika muda wa miezi minne. Na ukipitiwa na uradi wako wa usiku kwa usingizi, usiuandike kuwa umepotea. Iko hadithi katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.), kwamba aliyelala bila ya kusoma sehemu yake, akaisoma baina ya sala ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kana kwamba aliisoma usiku. Kwa hiyo acha nafasi ndogo pembeni ya safu hiyo, ya kulipia. Nafasi hiyo ndiyo iliyoliokoa daftari langu la pili lisiishie juu ya kabati.

Safu zilizobaki nimezichukua katika hadithi moja ya Abu Huraira, nayo pia imo katika Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba zake siku moja: nani leo amefunga? nani amefuata jeneza? nani amemlisha maskini? nani amemtazama mgonjwa? Kila mara aliyejibu ni Abubakar Siddiq (r.a.). Mtume akaeleza kwamba mambo hayo hayakusanyiki kwa mtu ila ataingia Peponi. Zingatia kwamba matatu kati ya manne ni ya watu: maiti, mwenye njaa, na mgonjwa. Daftari lililojaa idadi za tasbihi na halina jina la jirani hata mmoja, mimi naliona lina kasoro. Wiki nzima ikipita na safu hizi tatu zikawa tupu, hiyo ni dalili kwamba nimeishi baina ya nyumba na kazi kama mtu asiye na mtaa.

Dada mmoja aliniuliza: na siku ambazo mwanamke haswali wala hafungi, ukurasa wake ubaki mweupe? La. Amesamehewa sala na saumu, hakusamehewa dhikri, wala dua, wala kumsalia Mtume, wala kumlisha maskini na kumtazama mgonjwa. Aandike hayo, na ukurasa wake huenda ukashinda wetu.

LA KUJIHADHARI

Yako mambo mawili ya hatari. La kwanza ni riya. Daftari likiachwa juu ya meza ya barazani wageni wakalisoma, limegeuka kuwa tangazo. Liwe mahali pa siri. Ukitaka ratiba ya nyumba nzima, ya zamu za kuadhini na nani atawasomesha wadogo, bandika karatasi ukutani, na hilo ni jema. Lakini karatasi ya ukutani ni ya nyumba, daftari ni la mtu na Mola wake. Kadhalika wazazi wasiwapekue watoto madaftari yao. Mtoto akijua babake atalisoma, ataandika yale babake anayoyataka, na huko ni kumfundisha uongo kwa jina la dini.

La pili ni kuandika dhambi. Mtume (s.a.w.) ametuonya juu ya mtu aliyesitiriwa na Mwenyezi Mungu usiku, naye akiamka huiondoa sitara hiyo kwa kuyasimulia aliyoyatenda. Kalamu nayo husimulia. Mtu akifa, daftari lake litafunuliwa na wanawe. Basi usiandike dhambi kwa jina lake. Tia nukta au alama uijuayo wewe peke yako, ukumbuke kutubu, na ikiwa ni haki ya mtu iandike katika ukurasa wa madeni kama deni, bila ya kisa chake.

Marehemu bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na daftari la namna hii kabla sijajua kwamba kuna kitu kiitwacho muhasaba. Hakujua herufi za Kizungu. Aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kwa wino mweusi, katika kijitabu alichokitia ndani ya kasha pamoja na sanda yake. Alipofariki shangazi alikifungua. Zilikuwamo siku tisa za saumu, saba zimepigwa mstari, mbili bado. Zilikuwamo shilingi za jirani aliyemnunulia mafuta ya nazi. Ilikuwamo sahani moja ya kauri, «ya mama wa nyumba ya pili, niliazima siku ya harusi». Katika kurasa nyingine zilikuwamo nukta nyingi nyekundu ambazo hatukujua maana yake, na shangazi hakutaka tuulizane. Kabla ya Adhuhuri mafuta yalikuwa yamelipwa, sahani imerudishwa, na saumu mbili zimegawanywa baina ya binti zake.

Swali la mwisho ambalo vijana huniuliza ni hili: daftari likijaa, lifanywe nini? Lisiuzwe kwa wachuuzi wa karanga na maandazi wakafungia bidhaa zao, kwani ndani yake mna jina la Mwenyezi Mungu na aya za Qurani. Hamisha kwanza madeni yasiyolipwa, siku za saumu zilizobaki na tarehe ya zaka, uyaandike katika daftari jipya, usome mara mbili uhakikishe. Kisha la zamani lichome moto mahali safi, na majivu yake uyafukie pasipokanyagwa. La kwangu la mwaka jana nililichoma Shaabani nyuma ya jiko, baada ya Alasiri, na mwanangu mdogo akasimama kando akiuliza kama makosa nayo yaungua.